Jiko Hufuata Njia ya Nishati: Majiko ya kubeba katika historia ya Ikinga na Songwe

Kata ya Ikinga imo wilayani Ileje, mkoani Songwe, katika milima inayotazamana na Malawi ng'ambo ya Mto Songwe. Ni nchi ya Wandali na majirani zao Walambya na Wamalila, nchi ya mahindi, maharage, ndizi na kahawa, yenye mvua nyingi, baridi ya alfajiri na njia za kupanda na kushuka. Mtu wa huko anayekwenda mji wa mpakani wa Tunduma kutafuta jiko la kubeba, la kupikia uani siku za kawaida na la kutegemea siku ya dharura, hukuta majiko ya bati ya kila ukubwa, majiko ya bati yaliyotiwa udongo ndani, mitungi ya gesi ya kilo 6 yenye jiko lake juu, na pengine jiko la mchina la utambi lililosahaulika kwenye kona ya duka la vyombo. Muuzaji atamsifia unene wa bati, wepesi wa kuwaka na ukali wa mwali. Sifa hizo ni za kweli, ila zina mahali pake, na mahali pake ni pa pili. Hoja ya makala haya ni kwamba katika nyanda hizi jiko halijawahi kushinda kwa sifa zake lenyewe. Limeshinda au kushindwa kwa njia inayoleta nishati yake: urefu wa njia hiyo, wepesi wake wa kufungwa, na kipimo ambacho nishati huuzwa inapofika mlangoni. Njia ilipofunguka, jiko jipya liliingia nyumbani. Ilipoziba, jiko likasukumwa uvunguni na mafiga yakarudi. Anayenunua jiko leo bila kuijua historia hiyo hununua nusu ya kitu.

Tuanze na mafiga yenyewe, kwa kuwa ndiyo kipimo cha yote yaliyofuata. Mawe matatu hayaonekani kuwa jiko la kubeba, lakini kwa msafiri wa zamani ndiyo yalikuwa mepesi kuliko yote: hayakubebwa, yaliokotwa penye kambi. Kilichosafiri kilikuwa chungu na kijinga cha moto. Ukitaka ushahidi kwamba chungu ndicho kilichokuwa chombo cha thamani, tazama biashara ya vyungu vya Wakisi. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe, kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa, wamefinyanga vyungu kwa vizazi vingi; mitumbwi ikavipeleka sokoni Matema, na kutoka hapo vikapandishwa hadi nyanda za Rungwe na kwingineko. Watu walikubali kubeba udongo uliochomwa, kitu kizito na chepesi kuvunjika, siku nzima za mwendo. Hakuna aliyebeba jiko, kwa sababu jiko lilikuwa kila mahali palipo na mawe na kuni. Mafiga hupoteza sehemu kubwa ya joto lake hewani, hilo halina ubishi, na moshi wake umewaumiza macho na mapafu wanawake wasiohesabika. Hata hivyo nishati yake ilitoka umbali wa kutembea, haikupimwa kwa fedha, wala haikuhitaji barabara. Kila jiko lililokuja baadaye lililazimika kushindana na hayo matatu, na mara nyingi lilishindwa kwa hayo matatu.

Udhaifu wa mafiga ulijitokeza pale nishati yenyewe ilipokosa muda. Septemba 1914 askari wa Kijerumani walivuka Songwe na kupigana na Waingereza Karonga. Mei 1916 jeshi la Jenerali Edward Northey likavuka kuja upande huu na kuiteka Neu Langenburg, mji tunaouita leo Tukuyu. Mizigo ya vita hivyo ilikwenda kichwani mwa wapagazi, ambao Nyasaland waliitwa tengatenga. Posho yao ilikuwa hasa unga wa mahindi. Walifika kambini usiku, kuni zimelowa, sufuria moja ikigawanywa na wengi, na safari ikiwangoja alfajiri. Maradhi yaliwaua wapagazi wengi kuliko risasi, na kuhara damu kulikuwa mbele. Miongoni mwa sababu zilizotajwa na madaktari wa kijeshi ulikuwa unga ulioliwa kabla haujaiva. Chakula kilikuwapo, moto ulikuwapo, mawe yalikuwapo. Kilichokosekana kilikuwa kuni kavu za kutosha kwa saa inayotakiwa. Hapo ndipo tunapopata fundisho la kwanza kuhusu jiko la dharura: thamani yake hupimwa kwa nishati iliyowekwa akiba kabla dharura haijabisha hodi. 

Jiko la mkaa lilikuja kwa njia nyingine kabisa. Pwani watu walikuwa na seredani zamani, kwa kahawa, udi na mapishi ya ndani ya nyumba za mji. Lakini jiko la bati kama tulijualo, kwa maelezo yanayokubaliwa na wengi walioandika historia ya ufundi huu Kenya, liliingia na mafundi wa Kihindi wa Reli ya Uganda, iliyoanza Mombasa mwaka 1896 na kufika Ziwa Victoria mwaka 1901. Mafundi wa Kiafrika wakaichukua kazi na kuieneza mjini kote. Kuitazama kazi hiyo kwa karibu kunaeleza kwa nini ilienea. Fundi hahitaji zaidi ya nyundo, patasi na kipande cha chuma cha kugongea. Pipa la mafuta hukatwa, bati likakunjwa mviringo, kingo zikapindwa na kupigwa mpaka zishikane bila kulehemu. Katikati hukaa sahani yenye matundu, ya kudondosha majivu na kupandisha hewa. Chini hukatwa mlango mdogo, ambao mpishi huuachia moto ukilegea na kuubana chakula kikikaribia. Juu husimama vishikio vitatu vya kuinulia sufuria, yaani mafiga yaleyale, safari hii ya chuma. Mali ghafi yake ilikuwa taka za usafiri, na nishati yake ilikuwa kuni zilizopunguzwa uzito ziweze kusafiri. Mkaa hubeba joto karibu maradufu ya kuni kwa uzito uleule, hautoi moshi mwingi, na ukihifadhiwa pakavu hauozi. Ndiyo maana ulilipa gharama ya kuusafirisha kutoka porini hadi mjini, wakati kuni hazikulipa. Jiko la bati, kwa maneno mengine, ni mtoto wa barabara na reli pande zote mbili: mwilini na tumboni.

Mafuta ya taa yalileta jiko la tatu. Mwaka 1892 Msweden Frans Wilhelm Lindqvist alitengeneza jiko la mgandamizo lililopewa jina la Primus. Mpishi alimimina spiriti kidogo kwenye kikombe chini ya kichwa cha jiko na kuiwasha ili kichwa kishike moto, kisha akapiga pampu mpaka mafuta yakapanda, yakageuka mvuke, na mwali wa buluu ukatoka ukinguruma. Tundu likiziba kwa uchafu, alihitaji sindano nyembamba ya kulizibua. Jiko hilo lilikwenda Ncha ya Kusini na Roald Amundsen mwaka 1911 na Mlima Everest na msafara wa mwaka 1953, na Afrika Mashariki lilijulikana katika nyumba za maofisa, wafanyabiashara na wasomi wa mjini. Baadaye likaja jiko la utambi, rahisi zaidi na la bei ya chini, ambalo Watanzania wengi wanalijua kama jiko la mchina. Hili ndilo lililokaribia kabisa kuwa jiko la kubeba la kila mtu: mwanafunzi alilibeba kwenda kupanga chumba, mwalimu alihama nalo, muuza chai alilitumia asubuhi ambapo mkaa ungechelewa kukolea. Kwa ubora wa chombo, lilistahili kudumu. Historia ya Songwe inaeleza kwa nini halikudumu.

Novemba 1965 serikali ya walowezi ya Ian Smith ilijitangazia uhuru Rhodesia ya Kusini, na Zambia ikakatiwa njia yake ya mafuta ya kusini. Mafuta yakaanza kupelekwa kutoka Dar es Salaam kwa ndege, na kwa malori yaliyobeba mapipa katika barabara ya vumbi na matope iliyopita Mbeya hadi mpakani Tunduma. Mwaka 1968 bomba la TAZAMA likaanza kazi, urefu wa kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola. Reli ya TAZARA ikafuata, ikajengwa kuanzia 1970, nayo ikapita Tunduma. Kwa ramani, nyanda hizi zilikaa karibu kabisa na mafuta. Kwa jikoni, mambo yalikuwa kinyume. Mafuta ya bombani yalikuwa mali ya safari ya Zambia. Mafuta ya taa ya dukani yalitoka kiwanda cha kusafisha mafuta cha TIPER huko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900, kisha yakashushwa Mbeya au Tunduma, kisha yakapanda Ileje kwa gari lililoweza kupita wakati huo wa mwaka. Bei ya mafuta duniani ilipopanda karibu mara nne mwaka 1973 na 1974, ikapanda tena mwaka 1979, na vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikala akiba ya fedha za kigeni, mkondo ule mrefu ulikauka kuanzia mwisho wake. Walioishi miaka ya mwanzo ya 1980 wanakumbuka foleni za sabuni, sukari na mafuta ya taa. Jiko la utambi halikuharibika. Lilikosa tu cha kunywa.

Makaa ya mawe yanatoa ushahidi wa aina nyingine, na kwa wilaya ya Ileje ni ushahidi wa nyumbani. Wataalamu wa Kijerumani walikwishaandika juu ya makaa ya bonde la Songwe na Kiwira kabla ya karne ya 19 kuisha. Mgodi wa Kiwira, uliojengwa kwa msaada wa China, ulianza kazi mwaka 1988, ukiwa na mtambo wa umeme wa megawati 6, na makaa yake yakaenda viwandani. Hapo nishati haikutoka mbali hata kidogo. Ilikuwa chini ya ardhi ya wilaya ileile. Mbona haikufika mafigani? Sehemu ya jibu ni kwamba makaa mabichi ya mawe hutoa moshi mzito na harufu kali ya salfa, na hayafai kuwashwa kwenye jiko la bati karibu na chakula na watoto. Sehemu nyingine, iliyo kubwa zaidi, ni kwamba hakuna aliyeyageuza kuwa bidhaa ya dukani. Yalipimwa kwa tani na kuuzwa kwa mkataba. Kwa hiyo nyanda hizi zilikuwa na mafuta yaliyopita bombani na makaa yaliyolala ardhini, na bado mwanamke wa Ikinga alipanda mlima kutafuta kuni. Ukaribu wa nishati peke yake hauchagui jiko. Lazima pawe na mtu wa mwisho, mwenye duka au meza ya genge, anayeuza kiasi kinacholingana na fedha ya siku hiyo.

Hapo ndipo mkaa ulipozishinda nishati nyingine zote. Unauzwa kwa gunia kwa mwenye nafasi, kwa debe kwa wa katikati, na kwa kopo au sado kwa yule ambaye kibarua chake kimelipwa jioni ileile. Hakuna amana ya mtungi, hakuna kujaza, hakuna fundi wa kufunga. Benki ya Dunia, katika ripoti yake ya mwaka 2009, ilionyesha kwamba kaya zinazotumia mkaa Dar es Salaam ziliongezeka kutoka asilimia 47 mwaka 2001 hadi asilimia 71 mwaka 2007. Huu ni mji mkuu wa biashara, wenye bandari ya kupokelea gesi na mafuta, na bado ulirudi kwenye mkaa kwa kasi. Marufuku ya ghafla ya mkaa mwanzoni mwa mwaka 2006 ilipandisha bei na kuwaumiza walaji, kisha ikaondolewa. Jitihada zilizofaulu zilikuwa zile zilizoacha njia ya nishati ilivyo na kubadili chombo. Kenya, baada ya mkutano wa Umoja wa Mataifa wa nishati mpya uliofanyika Nairobi mwaka 1981, mafundi na wataalamu walichukua wazo la jiko la ndoo la Thailand na kuliunda upya: bati lenye kiuno chembamba, ndani likiwa na bakuli la udongo uliochomwa. Udongo huzuia joto lisitoroke kupitia bati, na mkaa uliotosha siku moja ukakaribia kutosha mbili. Tanzania ikapata majiko bora yake mjini Dar es Salaam, na shirika la TaTEDO, lililoanzishwa mwaka 1990, likafundisha mafundi wengi. Jiko hilo lilienea kwa sababu halikumtaka mnunuzi abadili duka.

Pigo la mwisho kwa jiko la mchina linathibitisha hoja hii kuliko jingine lolote, kwa kuwa lilitoka mahali ambapo hakuna aliyekuwa akifikiria mapishi. Mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo kuliko dizeli ili maskini wamudu, na wachakachuaji wakaitumia nafasi hiyo kuchanganya mafuta ya taa na dizeli ya malori. Injini zikaharibika, mapato ya serikali yakavuja. Katika bajeti ya mwaka 2011/12 serikali ikapandisha kwa mkupuo ushuru wa mafuta ya taa ili tofauti ile iondoke. Uchakachuaji ulipungua, na mauzo ya mafuta ya taa yakaporomoka pamoja nao. Kwa mji kama Tunduma, ambao maisha yake ni malori yanayosubiri kuvuka mpaka wa Zambia, uamuzi huo ulikuwa na mantiki. Lakini mama mwenye jiko la utambi alikuta lita moja imekuwa bei ya dizeli, akarudi kwenye kopo la mkaa. Jiko lake halikuwa na kosa. Lilikufa kwa sheria iliyowalenga wenye matangi.

Wapo watakaopinga kwamba hoja hii inadharau mila. Watasema watu hubaki na kuni na mkaa kwa kuwa wamezoea, na kwamba maharage ya mkaa ni matamu kuliko ya gesi. Ladha ipo, na mazoea yapo, lakini hayawezi kueleza mwendo wa kwenda na kurudi. Kaya zilizoshika mafuta ya taa miaka ya neema, zikayaacha miaka ya foleni, zikayashika tena, kisha zikayaacha baada ya 2011, hazikuwa zikibadili mila kila baada ya miaka michache. Zilikuwa zikisoma bei na upatikanaji. Wengine watasema jambo la msingi ni ufanisi wa chombo, kwamba jiko likitumia nusu ya nishati, tatizo la njia nalo hupungua nusu. Hili lina uzito, na historia ya jiko la udongo inaliunga mkono. Lakini tazama kilichotokea wilayani Ngara, kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Ndani ya saa kama 24, tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo na kupiga kambi Benaco. Misaada ilileta mahindi makavu na maharage, vyakula vinavyochemka kwa saa nyingi, na miti ikafyekwa kilomita kwa kilomita kuzunguka kambi. Majiko ya udongo yalifundishwa, yakasaidia. Pamoja nayo ikabidi kufundisha kuloweka maharage usiku, kukausha na kupasua kuni, na kufunika sufuria. Ufanisi unapunguza hitaji, hauliondoi. Jiko bora lisilo na kuni lina thamani ileile ya mafiga yasiyo na kuni.

Pingamizi kubwa zaidi ni la leo: gesi imefika, kwa nini turejee kwenye majivu? Tarehe 8 Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, unaolenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania; siku chache baadaye alikuwa miongoni mwa wenyeviti wa mkutano wa Paris kuhusu nishati safi ya kupikia Afrika. Mitungi ya kilo 6 yenye ruzuku imesambazwa hadi vijijini. Kwa afya ya mpishi hakuna ubishi: gesi ni safi kuliko mkaa na kuni kwa mbali, huwaka papo hapo, hubebeka, na mvua haiizuii. Barabara ya Mpemba hadi Isongole, iliyotiwa lami, imeifungua Ileje kuliko wakati wowote. Lakini gesi ya mtungi si ile ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974 na kuanza kuzalisha umeme mwaka 2004. Hii ya mtungi huagizwa nje, hushushwa bandarini kwa meli, hubebwa nchi nzima kwa lori, na huuzwa mtungi mzima kwa mkupuo. Ina njia ndefu kama ya mafuta ya taa ya miaka ya 1970, na ina kipimo kikubwa kuliko cha kopo. Bei ya dunia ikipanda au barabara ikikatika masika, itakwama palepale ilipokwama ndugu yake. Kulisema hili si kuipinga gesi. Ni kuwataka wanaoisambaza wajenge mwisho wa njia kwa bidii ileile waliyojenga mwanzo wake, kwa vituo vya kujazia vilivyo karibu na kwa malipo ya kidogo kidogo.

Tena hoja hii isichukuliwe kuwa utetezi wa mkaa. Miombo ya Songwe na Rukwa inafyekwa, na kaya inayopika kwa mkaa usio na kibali inakula mvua yake yenyewe. Historia inaonyesha tu kwamba mkaa hautoki kwa marufuku; utatoka pale nishati nyingine itakapokaa kwenye kopo lilelile, mezani palepale. Kwa sababu hiyo jambo la kutia moyo katika nyanda hizi ni kwamba Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, limeanza kuyageuza makaa ya Kiwira kuwa mkaa mbadala uitwao Rafiki Briquettes, unaowashwa kwenye jiko lilelile la mkaa. Baada ya karne nzima makaa ya mawe yamepata umbo la dukani. Njia yake ni fupi na haipiti bandarini. Yakipatikana Ikinga kwa bei inayoshindana na sado ya mkaa, yatafanya kazi ambayo bomba la 1968 halikuifanya.

Sasa ndipo sifa za chombo zinapopata nafasi yao. Nyanda hizi zina dharura za kweli: Desemba 2009 mfululizo wa matetemeko uliangusha nyumba Karonga, upande wa pili wa Songwe, na Aprili 2024 maporomoko ya tope yalifukia nyumba Itezi, jijini Mbeya. Siku kama hizo watu hupika nje, kwenye upepo na ardhi tepetevu, kwa ajili ya wengi. Majiko madogo ya wapanda milima, yaliyotengenezwa kuchemshia maji ya mtu mmoja, hayasimami mbele ya mwiko wa ugali, sufuria hupinduka. Jiko la kufaa huku ni zito chini, lina mdomo wa kushika sufuria ya familia, lina kuta za kukinga upepo, na likivunjika fundi wa Tunduma aweze kulitengeneza kwa bati la pipa. Na liwe la mkaa au mkaa mbadala, libaki nje. Baridi ya Ileje huwashawishi watu kulala na jiko ndani, na hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, huua familia nzima usingizini. Dhidi ya hatari hiyo hakuna jiko la mkaa lililo salama. Dawa yake ni jiko lililoachwa uani.

Hukumu inayotokana na historia hii ni fupi. Kaya yenye uwezo wa majiko mawili ichukue mawili yanayolishwa na njia mbili tofauti: gesi kwa siku zote, na jiko la bati lililotiwa udongo kwa siku ambayo lori halikufika, pamoja na gunia la mkaa mbadala lililowekwa pakavu. Kaya yenye uwezo wa moja ianze na hilo la pili. Na kabla ya kulipa chochote Tunduma, mnunuzi aulize kwanza kwenye duka la kijijini kwake ni nishati gani haikukosekana masika yaliyopita, na inauzwa kwa kipimo gani. Akishapata jibu hilo, anajua jiko la kununua.